Kupenda Gari na Kuwa Fundi

Miongoni mwa maswali yanayowasumbua vijana wetu wanapomaliza masomo ya sekondari, liko moja ambalo wazee hulichukua kwa wepesi, nalo ni hili: mtu akipenda jambo kwa moyo wake wote, je, ni haki na ni busara kulifanya jambo hilo kuwa kazi ya kumpatia riziki? Swali hili laweza kuulizwa juu ya muziki, juu ya mpira, au juu ya uchoraji. Katika makala haya tumechagua kuliuliza juu ya magari, kwa sababu mbili. Kwanza, mapenzi ya magari yameenea mno kwa vijana wa mijini na wa vijijini. Pili, ufundi wa magari ni kazi ambayo makosa yake huweza kulipwa kwa roho za watu. Kwa hiyo swali letu hapa linapata uzito wa maadili kuliko mahali pengine.

Tumfikirie kijana mmoja wa namna hiyo. Tangu utotoni alitengeneza vigari vya waya, magurudumu akiyakata katika kandambili zilizochakaa. Hulitambua lori kwa mlio wake kabla halijatokea kwenye kona. Amemaliza kidato cha nne na matokeo yake si mabaya. Mjomba wake amemtafutia nafasi ya ukarani, lakini yeye asema moyo wake uko gereji. Baba yake anamwambia, "Mwanangu, hatukuuza ng'ombe ili uje kulala chini ya magari ya watu." Kijana anajibu, "Baba, mimi nayapenda magari." Hapo mazungumzo hukwama. Mmoja huondoka amenuna, mwingine hubaki akitikisa kichwa.

Sisi tunaona kwamba majibu yote mawili yana upungufu. Jibu la baba limejengwa juu ya dharau, na jibu la kijana limejengwa juu ya starehe. Dharau haiwezi kuwa msingi wa uamuzi wa haki, wala starehe haiwezi kubeba kazi ya miaka arobaini. Basi tuyapime yote mawili, kisha tutafute jibu la tatu.

Tuanze na dharau. Fikra kwamba mwenye kalamu ni bora kuliko mwenye nyundo si urithi wa babu zetu. Katika nchi ya Buhaya, wahunzi waliyeyusha chuma yapata miaka elfu mbili iliyopita. Katika Ufipa walijenga matanuri marefu ya udongo, na mabaki yake yameonekana hata katika zama zetu. Miongoni mwa Wapare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na mtu wa ukoo huo aliheshimiwa na kuogopwa pia, kwa kuwa alishika siri ya moto na chuma. Huku Pwani, mafundi wa majahazi walitupa methali ambayo kila mtoto anaijua: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanagenzi aliyekabidhiwa kwa fundi alifagia, alibeba, alitazama, na alipohitimu alimpa mwalimu wake kilemba kuwa shukrani. Jamii iliyoweka ada ya namna hiyo haikuwa jamii iliyoona haya kwa kazi ya mikono.

Dharau hii ilikua pamoja na shule za kikoloni, ambazo shabaha yake kubwa ilikuwa kupata makarani. Mwalimu Julius Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilalamika kwamba elimu tuliyoirithi ilimtenga mwanafunzi na jamii yake na kumfundisha kudharau maarifa yasiyotoka vitabuni. Miaka mingi imepita tangu hapo, na bado baba wa kijana wetu anasema maneno yale yale. Hatumlaumu kwa ukali, maana ng'ombe aliwauza kweli, na anayo haki ya kuuliza malipo ya jasho lake yatakuwa nini. Lakini na aulize juu ya riziki, juu ya usalama, juu ya tabia ya watu watakaokaa na mwanawe. Hayo ni maswali ya mzazi. Grisi kwenye mikono ya mtoto si swali; hutoka kwa sabuni.

Sasa tuje kwa starehe, maana hapa ndipo penye kitendawili chenyewe. Kijana anasema anapenda magari. Yafaa tumwulize: unapenda gari lipi? Akijibu kwa kweli, ataona kwamba anapenda gari linalokwenda. Anapenda mlio wa injini iliyo safi, rangi inayong'aa, usukani ulio mwepesi mkononi, na barabara inayokimbia nyuma yake. Fundi hakai na gari la namna hiyo. Gari likipona, mwenyewe hulichukua akaenda zake. Linalobaki kwa fundi kutwa kucha ni lile lililokataa kuwaka, linalovuja, linalogonga, lenye matope ya wiki mbili na mikeka yenye harufu ya samaki. Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Ua la gari ni ubovu wake, na asiyeweza kuupenda ubovu huo, yaani kuukalia kwa subira na kuudadisi, huyo anapenda safari, hajapenda ufundi.

Tutoe mfano ulio wa kila siku. Gari limeletwa gereji kwa sababu linachemsha. Sababu zaweza kuwa nyingi: rejeta imeziba, pampu ya maji imechoka, mkanda wa feni umelegea, themostati imeganda, au gasketi ya silinda hedi imeungua. Dalili ni moja, magonjwa ni matano. Fundi mwenye haraka hung'oa themostati akaitupa, na mara nyingine joto hupungua siku hiyo hiyo, na mwenye gari huondoka akishukuru. Lakini injini isiyo na themostati huchelewa kufikia joto linaloifaa. Hunywa mafuta zaidi na kulika upesi. Tena, ikiwa ugonjwa ulikuwa pampu au gasketi, umebaki pale pale ukingojea safari ndefu. Fundi wa kweli huanza na maswali. Lilianza lini? Huchemsha likipanda mlima au hata likisimama? Maji hupungua bila kuonekana yanapovujia? Hupima moja moja, naye hulipwa kwa saa hizo chache kuliko yule aliyetupa themostati kwa dakika kumi. Kazi hii, ndugu msomaji, ni kazi ya akili iliyovaa ovaroli. Asemaye kwamba ni ya wale walioshindwa shule hajapata kuitazama kwa karibu.

Liko pingamizi jingine ambalo watu wenye busara hulitoa. Husema kwamba kitu kipendwacho kikigeuzwa kuwa mkate hupoteza utamu wake. Kwamba mwenye kupenda gari na aendelee kulipenda siku ya Jumapili, na siku nyingine afanye kazi isiyougusa moyo wake. Pingamizi hili tunalifahamu kwa ndani. Tangu ujana wetu tumekuwa tukitunga mashairi, na mkate wetu tumeupata kwenye meza ya ofisi ya serikali, kati ya majalada na barua. Shairi halijapata kutulipia karo ya mtoto, na kwa hiyo halijapata kutulazimisha kusema tusilolitaka. Upo uhuru katika jambo hilo, nasi tunaushukuru. Kwa hiyo hatumcheki kijana atakayeamua kulihifadhi pendo lake nje ya riziki. Anaweza kuwa mwalimu, mkulima au karani, na jioni akafungua boneti ya gari lake mwenyewe kwa furaha. Huyo hakuisaliti nafsi yake.

Hata hivyo mfano wa mshairi una kikomo chake. Shairi lenye mizani pungufu haliui mtu. Msomaji atakunja uso, atageuza ukurasa, na mambo yatakwisha. Breki zilizofungwa kwa uzembe hazina ukurasa wa kugeuza. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Yakikaa muda mrefu bila kubadilishwa, maji huongezeka ndani yake, na breki zikipata joto kali maji hayo hugeuka kuwa mvuke. Mafuta hayakubali kushindiliwa, lakini mvuke hukubali. Basi dereva akikanyaga, pedali huzama mpaka sakafuni na gari halisimami. Siku nyingi ubaya huu hauonekani, maana katika mitaa tambarare ya mji breki hazipati joto la kutosha. Huja kuonekana mahali kama mteremko wa Kitonga, katika Mkoa wa Iringa, gari limejaa abiria na dereva amekanyaga breki kona baada ya kona. Abiria wale hawamjui fundi kwa jina wala kwa sura. Hawakupatana naye bei. Wamemwamini bila kujua kwamba wamemwamini.

Hapa ndipo tunapoona jibu la tatu, lile ambalo baba na kijana hawakulifikia. Anayetaka kuligeuza pendo la gari kuwa kazi hana budi kukubali kwamba pendo hilo libadilishe makao. Litoke kwenye gari, liende kwa mtu aliyemo ndani ya gari. Furaha yake ya zamani ilikuwa furaha ya macho na masikio yake mwenyewe. Kazi yamtaka atafute furaha katika kufika salama kwa watu asiowajua. Akiweza kuhama hivyo, pendo lake halitakufa, litakuwa limekomaa. Akishindwa, atakuwa fundi mwenye uchungu, ambaye kila gari bovu ni tusi kwake na kila mteja ni adui. Tumepata kuyasema haya kwa beti moja, nasi tunaileta hapa kwa kuwa ni fupi:

Kupenda gari si kazi, kwapendeka kwa kuona,
Kazi ni kuwa mjuzi, wa lililofichikana,
Mtaka uanagenzi, ni sharuti kujikana,
Roho za watu azizi, mkononi zakutana.

Asije mtu akadhani kwamba tunawatisha vijana. Historia ina mifano ya pendo la utotoni lililokomaa na kuzaa matunda. Soichiro Honda alizaliwa nchini Japani mwaka 1906, mwana wa mhunzi wa kijijini. Alisimulia mwenyewe jinsi alivyolikimbilia gari la kwanza kuliona maishani mwake na kuinusa oili iliyodondoka chini. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, alikwenda Tokyo kuwa mwanagenzi katika gereji moja. Hakukabidhiwa spana siku ya kwanza. Kwa miezi alifagia sakafu na kumlea mtoto mchanga wa mwenye gereji. Mwaka 1928 alifungua gereji ya kwake mjini Hamamatsu, na mwaka 1948 alianzisha kampuni yenye jina lake. Watu humtaja kwa sababu ya utajiri. Sisi tunamtaja kwa sababu ya ule ufagio na yule mtoto mchanga. Pendo lililoweza kustahimili miezi ile lilikuwa limeacha kuwa mchezo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na fundi wa magari huinama kwa maana zote mbili za neno hilo.

Basi kijana wetu afanyeje ili ajue kama pendo lake ni la namna hiyo? Tunampendekezea ajihoji maswali matatu, na asijibu mpaka amekaa kwenye gereji nusu mwaka kama mwanagenzi, akifagia na kutazama.

La kwanza: je, waweza kulitengeneza gari usilolipenda? Gari kuukuu la mchuuzi wa mboga, ambalo wenyewe huliita spana mkononi, lina haki ya umakini ule ule unaolipa gari jipya la mkubwa wa ofisi. Pengine lina haki zaidi, maana likilala siku tatu, nyumba ya mchuuzi yule italala njaa siku tatu.

La pili: je, waweza kusema "sijui"? Magari ya leo, mengi yakiwa yametumika Japani kabla ya kufika kwetu, yana kompyuta na vihisio, na waya zake ni nyingi kama mizizi ya mkoko. Yameanza kuja na yale yanayotumia umeme badala ya petroli. Fundi aliyesoma jana na kukoma jana atakuwa mgeni katika gereji yake mwenyewe. Anayeona haya kuuliza atabahatisha, na anayebahatisha hubahatisha kwa mali ya mwingine. Ujuzi hauzeeki, lakini huhitaji kulishwa.

La tatu, ambalo ndilo zito: je, waweza kumwambia mwenye gari ukweli unaokupunguzia malipo? Mteja hajui kilichomo ndani ya injini. Ukimwambia giaboksi imekufa, ataamini. Ukimwambia kuna skrubu moja tu iliyolegea, ataamini vilevile. Kati ya maneno hayo mawili pana fedha nyingi, na hapana shahidi ila dhamiri yako. Daktari hukutana na jaribu hili, na mwanasheria pia, lakini wao wana viapo na mabaraza ya kuwaangalia. Fundi wa chini ya mwembe mara nyingi hana zaidi ya malezi aliyopewa na mama yake.

Atakayeweza kujibu ndiyo kwa maswali hayo, awe mvulana au binti, na aende kwa moyo mkunjufu. Hapo baba naye atakuwa na deni la kumbariki. Tunasema "au binti" kwa makusudi, kwa maana bado wako wazazi wanaodhani spana ina jinsia. Macho ya kuona ufa mwembamba katika bomba la breki hayakugawiwa kwa wanaume peke yao.

Kabla hatujamaliza, yatupasa kuseme neno juu ya wajibu wa Taifa, kwa kuwa uamuzi wa kijana hauelei hewani. Nchi yetu iliunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo mwaka 1973, ikatunga sheria ya mafunzo ya ufundi mwaka 1974, na kwa sheria ya mwaka 1994 ikaanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo wengi huiita VETA. Ni hatua za kusifiwa. Lakini mafundi wengi bado hufunzwa mitaani, katika zile ziitwazo gereji bubu, na hatuwezi kuwatupa. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, bei ya mafuta ilipopanda duniani na vita vya Kagera vilipokuwa vimekula akiba yetu, vipuri vilikuwa adimu mno. Mafundi wa mitaani walichonga bushi kutoka kwenye matairi yaliyochakaa, walirudisha uhai wa vitu vilivyokwisha kutupwa, na magari yakaendelea kubeba pamba, mahindi na wagonjwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wao waliithibitisha methali hiyo kwa mikono yao.

Tena waliitajirisha lugha yetu. Shokomzoba, rejeta, giaboksi, klachi na plagi hayakuzaliwa katika kamati ya wataalamu. Yalizaliwa chini ya magari, vinywani mwa watu waliohitaji kuelewana upesi huku mmoja akishika taa na mwingine akifungua nati. Huo nao ni utamaduni wa Taifa, sawasawa na ngoma na utenzi.

Lakini ubunifu wa siku za dhiki usigeuzwe kuwa udhuru wa siku zote. Bushi ya tairi kuukuu ilikuwa ushujaa pale ambapo bushi halisi haikupatikana. Leo, ikiwa inapatikana na fundi akafunga ya kuchonga huku akitoza bei ya halisi, huo ni wizi. Kazi ya vyuo ni kumpokea fundi wa mtaani, kupima anachokijua na kumwongezea asichokijua, kisha kumpa cheti kinachomwezesha kusimama bila kujificha. Utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya shule upo, na wafaa uenezwe mpaka kwenye miji midogo. Na wajibu wetu sisi wateja ni kulipa haki. Mtu anayelia bei kwa fundi mpaka fundi asipate kununua mafuta mapya ya breki ana sehemu yake katika lolote litakalotokea Kitonga.

Kwa hiyo tunarudi kwa baba na mwana tuliowaacha wamenuniana. Baba asiulize tena kama kazi ile ni chafu. Amwulize mwanawe ni nani atakayekuwa ndani ya magari atakayoyatengeneza. Na kijana asijibu tena kwamba anapenda magari, maana hilo linajulikana tangu siku za vigari vya waya. Aseme ni kwa nani yuko tayari kuwajibika, na kwa subira ya miaka mingapi. Wakizungumza hivyo, huenda wakakubaliana gereji, na huenda wakakubaliana ofisi. Vyovyote watakavyoamua, watakuwa wameamua kama watu wazima.